Jina la Mwisho la Mto

Asubuhi ile nilishuka mtoni kunawa uso, na sikurudi.

Sikuwa nimepanga kitu. Nilikuwa na shati moja mwilini, kisu kidogo kiunoni, na viazi vitamu viwili vya kuchoma ambavyo mama alivifunga kwenye jani la mgomba ili nile shambani. Baba alikuwa amekaa mlangoni akisuka mkanda wa kubebea mizigo, ule unaopita kwenye paji la uso, ingawa ilikuwa miaka mingi tangu abebe mzigo wowote.

“Unaenda wapi?” akauliza bila kuinua macho.

“Kunawa uso.”

“Maji iko mingi,” akasema. “Hata ya kuoga iko.”

Mama akacheka kule jikoni. Mimi nikashuka.

Nilinawa. Maji ya kwetu juu yanauma vidole hata wakati wa jua. Kisha nikakumbuka kwamba mvua ya juzi ilikuwa imeangusha mgomba ukaziba kona ya chini, nikaenda kuangalia kama bado upo. Haukuwepo. Nikafuata kidogo nione umepelekwa wapi. Nikaukuta umenasa penye mawe, mbali kuliko nilivyodhani, na kutoka pale niliona kona nyingine ambayo sikuwa nimewahi kuizunguka. Jua lilipokuwa juu ya kichwa nilikuwa nimekula kiazi kimoja na nyumba yetu haikuonekana tena.

Shule niliiacha kwa namna hiyo hiyo. Mwalimu wa misioni alitutuma kuokota kuni, nami nikafuata njia ya kuni mpaka njia kubwa, na njia kubwa mpaka soko la Sake, nikabaki huko nikishusha magunia kwenye kamio, yale malori ya mizigo, kwa sababu nilitaka kujua kila gunia lilitoka wapi. Nilirudi, nikaondoka tena: mashamba ya pareto, kisha Mweso kubeba matofali. Kila niliporudi, baba alinisogezea kigoda bila neno. Nilidhani huko kunyamaza ni kusamehe.

Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, lakini barabarani bado kulikuwa na watu wa kuuliza karatasi: uko wa chifu gani, nani amekupa ruhusa ya kutembea. Njia ya mto haikuwa na mtu wa kuuliza. Ilikuwa njia ya zamani ya wachukuzi, na tangu kamio zianze kupita ilikuwa imebaki ya wanawake wateka maji, mbuzi, na watu kama mimi.

Baba alikuwa mchukuzi wa chumvi. Zamani zake watu wa milimani walishuka na chumvi na maharage hadi msituni, wakapanda na mawese na samaki waliokaushwa kwa moshi. Hakuna aliyelala porini, kwa ajili ya chui. Kila mchukuzi alikuwa na rafiki wa chumvi katika kila kijiji alikolala: nyumba moja iliyomwekea mkeka, naye akaipa kipande cha chumvi kabla ya kufungua mzigo mbele ya mtu mwingine. Urafiki ule ulirithiwa. Mtoto wa mchukuzi akipita, alipokewa kama baba yake, kwa kuku, maji ya moto na mkeka mpya. Hilo lilifanyika mara moja tu. Baada ya hapo alikuwa mtu wa nyumbani, akila alichokikuta.

Lakini mtu yeyote angeweza kusimama mlangoni na kusema mimi ni mtoto wa fulani. Kwa hiyo mtoto wa mchukuzi hakujitaja. Kutaja jina lako kwa rafiki wa chumvi ilikuwa kama kumwambia hakufahamu uso wa baba yako. Ulichotaja ni mto.

Mto wetu ni mdogo. Mahali pengi unaweza kuuruka kama umekula vizuri. Hata hivyo kila kijiji kilikuwa na jina lake la kuuita. Kwetu juu uliitwa Muuma Vidole. Katika kijiji cha kwanza cha bondeni uliitwa Mla Daraja, kwa kuwa kila wakati wa mvua ulilila daraja lao. Kwenye malisho uliitwa Mama wa Ndama. Palipoanza msitu, penye daraja la kamba, uliitwa Usiniangalie, kwani anayevuka akitazama maji kichwa kinamzunguka. Majina yenyewe ni ya Kihunde juu na ya Kinyanga chini. Hapa naandika maana tu, yenyewe nayaacha kinywani. Watu wa kila kijiji walijua la kwao, pengine na la majirani. Ili uyajue yote kwa kufuatana, ilibidi uwe umebeba chumvi au umezaliwa na aliyeibeba.

Na mwisho wa njia kila mchukuzi alikuwa na jina lake mwenyewe, la mahali alipogeuzia safari kurudi nyumbani, alilokubaliana na rafiki yake wa huko, wao wawili tu. Baba aligeuzia katika kijiji kilicho upande huu wa Ntoto. Huko, yeye na rafiki yake walijenga uzio wa kutegea samaki kwenye kona ya mto, wakapanda michikichi nyuma yake, na baba akaacha sehemu yake mikononi mwa yule mzee, imngojee mtoto atakayefika na majina yote. Tulikuwa tumekwisha kuwa wengi kilimani kwetu, mashamba yakigawanywa mpaka yanakuwa kama mikeka. Uzio ule na michikichi ile ndiyo mali pekee ambayo baba alikuwa nayo nje ya kilima.

Alinifundisha majina nikiwa mdogo, jioni, tukipukuchua maharage. Alipofika Usiniangalie alinyamaza.

“Na ya mwisho?”

“Ya mwisho nitakupa siku utaniambia unaenda kukaa.”

Sikuwahi kumwambia hivyo. Nilimwambia tu mambo niliyoyaona Sake.

Kulikuwa na mwingine aliyekuwa akisikiliza. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alilelewa kwetu tangu mama yake alipofariki. Tulilala mkeka mmoja, tukavaa shati moja kwa zamu Jumapili. Alikuwa mtu wa kukaa. Akipanda kitu alikuwa hapo kikiota. Miezi kadhaa kabla ya asubuhi ninayoisimulia, aliaga akasema anashuka kutafuta kazi kwenye machimbo ya Walikale. Nilikuwa Mweso wakati huo. Niliporudi na kuambiwa, nilicheka. Nilisema, sasa hata yeye ameambukizwa.

Nilifika kijiji cha Mla Daraja kabla jua halijazama, nikiwa na njaa, kiazi cha pili nikiwa nimekiweka akiba. Nyumba niliifahamu kwa maelezo ya baba: mlango unaangalia mto, mti wa mforosadi pembeni. Mzee alikuwa anapura maharage na mkewe. Nikasimama, nikainamisha kichwa, nikasema kama nilivyofundishwa kwamba nimetoka kwa Muuma Vidole na ninalala kwa Mla Daraja.

Wakaangaliana. Mama yule akaweka fimbo chini.

“Papa,” akamwambia mumewe, “huyu naye.”

“Naye nini?” nikauliza.

“Mutoto ya ule rafiki yetu alishapita,” mzee akasema. “Mvua ilikuwa bado inanyesha. Alisema majina vizuri, tukamuchinjia kuku.”

“Kuku mukubwa,” mkewe akaongeza. “Ule wa mayai.”

“Mutoto wake ni mimi.”

“Kila mutu ni mutoto wa mutu,” mama akasema, na hakusema kwa ukali. “Ule alikuwa na pengo hapa.” Akagusa jino lake la mbele. “Akicheka anapiga filimbi bila kutaka.”

Pengo lile nalijua, ni la binamu yangu. Lilitokana na jembe langu, tukiwa wadogo, nilipolirudisha nyuma bila kuangalia. Nikakaa chini palepale. Walinipa maharage na ndizi, chakula chema, lakini waliniwekea nje, kwenye jiwe la kusagia, na mkeka walionipa ulikuwa ule wa kuanikia. Asubuhi mama yule alinijazia mfuko wa maharage ya kuchemsha, akaniangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtu aliyekamatwa akidanganya na bado ana njaa.

Nilitembea nikiwa na hasira ya kwanza, ambayo ni nyepesi. Inakupa miguu. Nilijiambia kwamba alilala pembeni yangu akijifanya amesinzia, akameza kila jina lililotoka mdomoni mwa baba. Lakini nilikuwa na faraja moja. Jina la mwisho hakulisikia, kwa sababu halikutamkwa. Angeweza kula kuku wote wa njiani. Kwenye uzio angesimama mdomo wazi.

Njia ile haikuniacha nikasirike muda wote. Nilikuta mahali mto unapita chini ya mwamba na kutokea upande wa pili, nikakaa pale nikitupa majani juu na kukimbia kuyangojea chini, mpaka nikakumbuka kwamba nina haraka.

Kwenye malisho ya Mama wa Ndama, mwenye nyumba alikuwa mjane mmoja mfugaji, mwembamba, mwenye sauti ya kusikika ng’ambo ya bonde. Alikuwa akipima maziwa kwa ajili ya soko na hakuacha kupima.

“Sema tena,” akaniambia nilipomaliza majina.

Nikasema tena.

“Wewe unasema muzuri kuliko ule mwenzako. Ule alikuwa anahesabu na vidole.”

“Basi unaona, Mama. Mimi njo mutoto wa kweli.”

“Papa yako alizaa mapasa, watoto wawili siku moja, mumoja akamufichia wapi?” Akacheka peke yake. “Sikia, kaka. Ile chombo cha mgeni iko moja. Iko ya mti, marehemu bwana yangu njo aliichonga. Ule alikunywa. Nikikupa na wewe, kesho atakuja wa tatu, na ng’ombe zangu iko nne.”

Alinipa maziwa kwenye kibuyu cha kawaida, cha watoto. Yalikuwa matamu. Nilipoondoka akanipigia kelele kutoka mlangoni: “Ukimukuta, mwambie Mama ya hapa anauliza, njo alikunywa kwa jina la nani?”

Nilikuja kulikumbuka swali lile baadaye.

Chini ya malisho hewa inabadilika. Inakuwa nzito, inanuka majani yaliyooza na moshi wa kukaushia samaki. Migomba inapungua, miti inaziba anga, na mto wenyewe unaacha kelele. Nilikaribia daraja la kamba nikiwa nimekata shauri la kutotaja majina tena. Mlinzi wa daraja, rafiki wa chumvi wa tatu, alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, akikaza kamba za msituni na watu wawili. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba mimi ni ndugu wa yule kijana mwenye pengo aliyepita wakati wa mvua.

Uso wake ukafunguka.

“Wewe njo ule ndugu? Alituambia habari yako. Alisema, niko na ndugu moja, akipita mumupe chakula, mumupe na mahali pa kulala. Lakini musimupe kitu ya kukaa nayo.”

“Kwa nini?”

“Alisema iko kama mbwa wa soko. Kila mutu anamutupia mufupa, hana mulango.” Wenzake wakacheka na yeye akacheka, akanipiga begani. “Usikasirike, ni maneno ya ndugu. Kula.”

Nilikula. Nyama ya msituni na mawese mekundu. Kitu kilinichoma katika maneno yale na hakikuwa tusi lenyewe. Mbwa wa soko. Binamu yangu hakuwa na ulimi wa namna hiyo. Alikuwa mtu wa kusema ndiyo na hapana. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia mahali, kwa sauti nyingine. Nikayasukuma mbali. Nilivuka daraja nikiangalia mbele kama mto unavyotaka, kamba zikilia chini ya miguu.

Nilikaribia kijiji cha mwisho asubuhi yenye ukungu. Ningefika mapema, lakini njiani nilikuwa nikipanga maneno. Nilijua nitaingia kwa mzee, nitakiri kwamba jina la mwisho sina, nitamwomba atume mtu kwa baba, au anihoji juu ya baba mpaka aridhike. Nilijua alama zote: kovu la bega lililochimbwa na mzigo, jinsi anavyokohoa kabla ya kudanganya, jinsi anavyoita chumvi “mama mkwe” kwa sababu inamtoa jasho. Nilikuwa na hakika kwamba binamu yangu alirudishwa na sasa anasukuma toroli machimboni.

Mto ulijikunja kulia. Nikauona uzio: vigingi vimesimama kwenye maji kutoka ukingo hadi ukingo, fito zimefumwa katikati, na nafasi moja penye mtego wa kikapu. Ulikuwa umetengenezwa upya, fito bado zina kijani. Nyuma yake michikichi imenyooka.

Ndipo nikasikia mwanamke akiita jina langu.

Alikuwa ng’ambo, na sauti ilikuja juu ya maji wazi kabisa, jina langu la nyumbani, lile nililopewa nikizaliwa, ambalo Sake na Mweso hakuna aliyelijua. Sikushangaa kwanza. Mtu akiitwa kwa jina lake anaitika.

“Naam!” nikaitika.

Na mtu mwingine akaitika pamoja nami, kutoka ndani ya maji, nyuma ya uzio. Akasimama, maji yakimfika kiunoni, na fito mkononi. Alikuwa binamu yangu.

Mwanamke alikuwa ameshika sahani ya chakula. Alikuwa mjamzito. Alituangalia mmoja baada ya mwingine.

“Nani huyu?” akamuuliza.

Binamu yangu alitoka majini polepole, kama mtu anayebeba kitu cha kumwagika, akaja kusimama mbele yangu. Alikuwa amenenepa kidogo. Pengo lilikuwa pale.

“Umekuja,” akasema.

“Kwa nini anakuita hivyo?”

“Twende kwa muzee.”

“Sema hapa. Kwa nini anakuita jina langu?”

“Kwa muzee,” akasema tena, akatangulia, tukavuka penye uzio.

Mzee alikuwa kwenye baraza, anasuka kikapu cha mtego. Macho yake yalikuwa yameanza kufunga, akasogea karibu sana kuniangalia. Sikusubiri. Nikasema yote: Muuma Vidole, Mla Daraja, Mama wa Ndama, Usiniangalie. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila jina.

“Na ya hapa?” akauliza.

“Sikupewa, Papa.”

“Pole. Basi niambie jina lako.”

“Kwetu hatujitaji.”

“Umeshashindwa majina ya muto. Sasa hakuna miiko. Jitaje tu, nijue nalisha nani.”

Nikamtajia. Mikono yake ikasimama juu ya kikapu. Akageuka kumtazama binamu yangu, naye akatazama miguu yake, iliyokuwa bado ina tope.

“Njo ile,” mzee akasema mwishowe. “Umelisema. Njo jina ya hapa.”

Sikuelewa, akanieleza taratibu, kama mtu anayejieleza na yeye mwenyewe. Walikuwa wanapigilia kigingi cha kwanza cha uzio, yeye na baba, wakati mchukuzi mmoja alipofika kutoka juu na habari kwamba mama yangu amejifungua mtoto wa kiume, ndiye mimi, na bibi amempa jina. Baba alifurahi hata akaangusha nyundo ya mti ikachukuliwa na maji. Wakakubaliana kwamba kona ile iitwe kwa jina la mtoto. Siku atakapokuja, atapita vijiji vyote akitaja mto na kujificha yeye, na akifika hapa atautaja mto na kujitaja kwa neno moja.

“Ule alipofika,” mzee akasema, akimwelekezea kidevu binamu yangu, “alisema majina ine, na ya tano alisema ile. Nikalia. Nikajua, huyu njo yeye. Tukamuita hivyo. Na mutoto wangu tukamupa.”

Nikamgeukia binamu yangu. “Nani alikupa?”

“Unajua nani.”

“Sema.”

“Mujomba.” Alimaanisha baba yangu. “Ulikuwa Mweso. Aliniita kwenye maharage, akaniambia ukifika chini, sema jina ya ule ndugu yako. Nikamwambia, Mujomba, ile iko ya mwenyewe. Akasema...”

“Alisema niko mbwa wa soko.”

“Alisema jina iko nzuri lakini haina mutu wa kulibeba. Alisema pale panataka mutu wa kukaa. Mimi sikuomba, ndugu yangu. Wallahi... na Mungu wa misioni, sikuomba.”

Nilimwamini. Hapo ndipo ilipoanza hasira ya pili, ambayo haina miguu. Ya kwanza nilikuwa nimeibeba kutoka bonde hadi bonde kwa ajili ya mtu aliyeiba, na sasa hakukuwa na mwizi. Niliona baba mlangoni, mkanda mikononi, hainui macho. Maji iko mingi. Aliujua mto unakokwenda, alijua nani amekaa mwisho wake na anaitwaje, akaniacha niteremke. Nikakumbuka pia viazi. Siku za shamba mama hunifungia kimoja. Siku ile alifunga viwili, na alicheka jikoni. Mpaka leo sijui kama alijua.

Mzee alitaka kutengeneza mambo. Alisema tunaweza kugawa samaki, mtego mmoja wangu, mwingine wa mwenzangu. Binti yake, yule mjamzito, alisimama na sahani ikipoa. Binamu yangu akasema, “Lala hapa. Nyumba iko ya papa yako.”

“Njo kwa sababu hiyo silali,” nikamwambia.

“Utaenda wapi?”

“Kunawa uso.”

Hakuelewa, akacheka kidogo kwa woga, na pengo likapiga filimbi bila yeye kutaka. Nilikuwa nimeipenda sauti ile maisha yangu yote. Nikamwambia mjane wa malisho anauliza alikunywa kwa jina la nani, kisha nikashuka ukingoni na kuufuata mto, nikiupita uzio. Nyuma yangu mwanamke yule aliita tena, jina lile lile, na mara hii nilijizuia nisigeuke. Ni vigumu kuliko mtu anavyofikiri.

Hakukuwa na kijiji kingine. Baba hakuwa amewahi kupita pale, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amenifundisha kitu juu ya sehemu ile, wala mto haukuwa na jina ninalolijua. Ulipanuka, ukachelewa, ukawa na rangi ya chai. Nilikunywa, nikaona hauumi vidole tena. Alasiri ukafika kwenye mto mkubwa na kuingia humo bila kelele yoyote. Nilisimama penye makutano nikijaribu kuona maji yetu yanaishia wapi ndani ya yale mengine. Hayakuonekana.

Ng’ambo kulikuwa na moshi na mapaa ya majani. Nikapiga kelele mpaka mtumbwi ukaja, unaendeshwa na mama mmoja mnene aliyevaa kitambaa kilichochanika begani, amesimama kwenye mtumbwi kama mtu aliyesimama sokoni.

“Unatafuta nani?” akauliza kutoka mbali.

“Hakuna.”

“Vizuri. Wanaotafuta mutu wanakaa wakilia kwangu.” Akasogeza mtumbwi. “Panda, usisimame. Unatoka muto ule?”

Nikatazama nyuma, kwenye mdomo mwembamba kati ya matete. “Ndiyo. Huku munauita nani?”

“Ule?” Akatazama kana kwamba alikuwa hajawahi kuuangalia. “Ule ni maji tu. Unajua kushona majani ya nyumba?”

“Hapana.”

“Utajua. Bwana yangu amevunjika mukono, na mvua inakuja. Nyumba ya jikoni inavuja. Ukishona, unalala mule na unakula. Hushoni, kesho ninakurudisha ng’ambo.”

Nikasema nitashona. Tulifika, akanionyesha jiko, kibanda kizuri chenye dari ya kukaushia samaki, sakafu ya udongo iliyofagiliwa, na kona yenye magunia ya mpunga ambako ningeweza kutandika. Nilikaa juu ya gunia nikivua miiba miguuni. Kile kiazi cha pili kilikuwa bado mfukoni, kimekauka kama jiwe. Nikakiweka juu ya dari, pamoja na samaki.

“Jina lako nani?” mama akauliza kutoka nje.

Langu lilikuwa na mtu, ng’ambo, kwenye uzio. Nikataja la binamu yangu. Lilikuwa limeachwa kilimani bila mwenyewe, na nilikuwa nimelijua tangu utotoni kama nilivyolijua langu.

Alirudia mara moja, ili alishike, akaenda zake. Jioni chakula kilipoiva aliniita kwa jina hilo. Ilibidi aite mara ya pili, kwa sauti, ndipo nikakumbuka kuitika.